Gesi Imefungwa

Mzee Ramani alikufa akipunga mkono. Hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu asubuhi, na lilizidi kumkera kila mlinzi alipolirudia.

"Alipunga hivi," mlinzi alisema, akainua kiganja na kukitikisa mbele ya uso wake, kama mtu anayefukuza inzi. "Mimi niko hapa nje ya kioo. Yeye yuko kule ndani, amepiga goti karibu na Bibi."

"Bibi nani tena?"

"Ile seva ya mwisho, afande, kongwe kuliko zote. Tunaiita Bibi kwa sababu inanung'unika mchana kutwa na haitaki kuguswa na mtu ila mzee mwenyewe."

Koplo, msaidizi wa Inspekta, akacheka. Inspekta akamtupia jicho na Koplo akaacha kucheka.

Walikuwa katika chumba cha seva cha zamani, ghorofa ya chini kabisa, mahali ambapo jua halijawahi kufika na mvua ya nje ilijulikana tu kwa unyevu wa kuta. Makabati marefu ya chuma yalisimama kwa safu, yakinguruma, yamebeba kumbukumbu za hospitali, shule na mahakama za mji mzima. Mwenye jengo alikuwa ameshataka jengo lake. Mitambo yote ilitakiwa kuhamia kituo kipya upande wa pili wa mji, na aliyepanga uhamisho huo, kuanzia kabati la kwanza kutoka hadi waya wa mwisho kuchomekwa, alikuwa Mzee Ramani. Jina hilo walimpa kwa kuchora ramani ya kila kitu, hata ya kwenda msalani. Sasa makasha ya kupakilia yalikuwa yamerundikwa kwenye vijia vyote, na aliyejua lipi linaingia wapi alikuwa ameshazikwa.

"Rudia tena tangu king'ora," Inspekta alisema.

Mlinzi akahema. "Mzee anatoboa sakafu. Bibi amefungiwa sakafuni kwa bolti zilizoshika kutu, hazitoki ila kwa kutoboa. Vumbi likapanda. King'ora kikadhani ni moshi, kikalia, taa nyekundu ikaanza kuwakawaka. Nikagonga kioo kwa nguvu zote. Akanyanyua kichwa. Akaitazama taa, akanitazama mimi, akapunga, akaendelea kutoboa. Halafu ile gesi ya kuua moto ikatoka. Moshi mweupe, baridi. Nikasikia Fundi Gesi, yule wa mitungi, anashuka ngazi mbio anapiga kelele, mzee atoke, mzee atoke! Nikamkamata kiuno asiingie naye akafa."

"Alikuwa anapiga kelele kabla ya gesi kutoka, au baada?"

Mlinzi akafikiri. "Kabla. Alianza kupiga kelele king'ora kilipolia tu."

Inspekta akatia hilo akilini. Naibu meneja, bwana mwenye tai na viatu visivyojua matope, akaingilia kati. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote, anatazama saa yake.

"Afande, kwa heshima zote, jambo hili si fumbo. Mzee alikuwa kiziwi. Miaka yote aliyokaa katika kelele hizi ilimla masikio. Simu alikuwa hawezi kuzungumza, binti yake ndiye aliyempokelea. Mpaka tukampa yule binti jina, Masikio. Hakukisikia king'ora, maskini. Na Fundi Gesi alilijua hilo vizuri."

"Taa je? Alikuwa kipofu pia?"

Naibu akatazama saa yake. Akarekebisha tai.

Kelele za mashine zilikuwa zinamuumiza Koplo kichwa. Akapaza sauti, "Jamani, si muyazime haya madude kidogo tusikilizane?"

Lo! Ungedhani ametukana. Mlinzi akaweka kidole mdomoni, na mafundi wawili waliokuwa wanakunja waya kule mwisho wakageuka kwa pamoja.

"Neno hilo halitamkwi humu," Naibu alisema, na kwa mara ya kwanza aliongea kama binadamu. "Zamani kuna mtu alipiga kelele 'zima!' akimaanisha taa. Mama wa usafi akasikia, akachomoa waya wa Bibi. Hospitali zikakaa gizani siku nzima, madaktari hawajui mgonjwa yupi ana damu gani. Tangu siku ile Mzee Ramani akalipiga marufuku. Humu taa zinalazwa. Kipoza hewa kinapumzishwa. Ukitamka neno lile unanunulia ofisi nzima chai."

"Basi Koplo atanunua," Inspekta alisema. "Nionyesheni mitungi."

Mitungi ya gesi ya kuzimia moto ilikuwa nyuma ya wavu, nje ya chumba. Gesi yenyewe ilikuwa ya aina ya kizamani, ile inayoua moto kwa kuifukuza hewa, na asiyepata hewa, moto au mtu, mwisho wake ni mmoja. Inspekta akachuchumaa. Ukuta ulikuwa na vumbi la miaka, lakini mitungi iling'aa. Kwenye nati kulikuwa na alama mpya za spana. Sakafuni kulikuwa na michirizi mirefu ya kitu kizito kilichoburutwa kutoka mlangoni hadi pale.

"Mitungi hii ni mipya?"

"Mambo ya gesi yalikuwa ya mzee na fundi wake," Naibu akasema. "Mimi ni mtu wa mikataba."

"Ndiyo, naona," Inspekta alisema, na hakusema aliona nini.

*

Mkubwa wa kituo cha polisi alikuwa ameshaamua. Kesho asubuhi Fundi Gesi anapelekwa mahakamani kwa kosa la kuua. Sababu alikuwa nayo: wiki ile ile, kwenye kikao cha uhamisho, Mzee Ramani alitangaza kwamba kituo kipya kina mafundi wake wa gesi, kwa hiyo Fundi asitegemee kuhama nao. Fundi akasimama mbele ya wote akasema, "Mzee, utajuta." Ushahidi alikuwa nao: binti wa marehemu alieleza kwamba Fundi alipiga simu kusema ameizima gesi, naye akampelekea baba yake habari hiyo. Ungamo pia alikuwa nalo, au alidhani analo. Koplo alipomuuliza Fundi kama alifunga gesi, Fundi alijibu, "Niliifunga vizuri mno. Kama nisingeifunga vizuri, isingetoka."

Kituo kizima kilishika mdomo. Mtu ameua, halafu anafanya mzaha!

Inspekta alimkuta rumande, ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Fundi Gesi alikuwa mtu wa makamo, mikono mikubwa, kucha nyeusi kwa grisi. Mkewe alikuwa nje kwenye benchi la mapokezi na watoto, wamelowa, hawataki kuondoka.

"Ulimwambia mzee atajuta?"

"Nilimwambia. Kwa mdomo wangu huu. Mtu akikupokonya tonge utamwimbia, afande? Lakini jioni yake nilimfuata nikamwomba radhi. Tukanywa chai, akaniambia atanitafutia nafasi. Alikuwa mtu wangu yule."

"Ulifunga gesi?"

"Nimeshasema mpaka ulimi umeota sugu. Niliambiwa gesi ifungwe, nikaifunga."

"Nani alikuambia?"

"Masikio. Alipiga simu, akasema, baba anasema gesi ifungwe kabla ya kutoboa sakafu. Nikaifanya kazi siku hiyo hiyo. Nilipomaliza nikampigia nikamwambia imefungwa." Akafuta uso kwa kiganja. "Sasa ninachojiuliza usiku kucha ni kimoja. Kwa nini mzee aliingia mle, nami nilishapeleka habari kwamba imefungwa?"

"Aliingia kwa sababu ulisema imefungwa."

Fundi akamtazama. Inspekta naye akamtazama. Kila mmoja alimwona mwenzake kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa.

"Afande," Fundi akasema polepole, "hayo uliyoyasema hayaingii akilini."

"Yako ndiyo hayaingii," Inspekta akajibu kwa hasira, akaondoka. Kama alikuwa mwongo, basi alikuwa mwongo wa ajabu. Mwongo hupanga maneno yake yakae sawa. Huyu alikuwa anayaacha yamnyonge.

*

Kituo kipya kilikuwa nje kidogo ya mji, jengo jeupe lisilo na madirisha, limezungukwa na matope. Inspekta alikwenda kwa sababu alikuwa amebakiwa na jioni moja na hakuwa na pengine pa kwenda. Mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa.

Ndani, ukumbi ulikuwa mtupu. Sakafuni Mzee Ramani alikuwa amechora kwa chaki mahali ambapo kila kabati lingesimama, mistatili mirefu, mmoja baada ya mwingine, na jina ndani ya kila mmoja. Wa mwisho, pembeni, mbali na mlango ili asisumbuliwe, ulikuwa wa Bibi. Ukiisimamia michoro ile kwa muda, unaona makaburi. Koplo alizunguka kando ya ukuta asiikanyage.

"Nani aliingia hapa wiki ile?" Inspekta akamuuliza mlinzi wa pale, kijeba mmoja mwenye koti la mvua lililomzidi.

"Wengi, mama. Mafundi, wapakuzi. Angalieni kwenye kamera."

"Kuna kamera?"

"Zimefungwa tangu mwezi jana."

"Kha! Zimefungwa? Jengo la thamani hivi, mnafunga kamera?"

"Ndiyo, mama. Zimefungwa zote."

"Nani alitoa amri ya kuzifunga?"

"Mzee Ramani mwenyewe. Alisema zifungwe mapema."

Inspekta akamgeukia Koplo. "Umesikia? Mtu anahamisha kumbukumbu za mji mzima, halafu anaamuru kamera zifungwe. Tulikuwa tunamlilia marehemu tusiyemjua." Akamrudia mlinzi. "Sasa nitaangalia nini, ikiwa zimefungwa?"

Mlinzi akamtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia. Akanyoosha kidole juu.

"Zimefungwa, mama. Si ndizo hizo juu? Hapo ulipo zinakuona."

Inspekta akainua macho. Kwenye kona ya dari, jicho jeusi la kioo lilikuwa linamtazama, na kitaa kidogo cha kijani kinawaka.

Koplo alianza kucheka, kisha akaona uso wa bosi wake, na kicheko kikakatika njiani.

"Imefungwa," Inspekta alisema.

"Ndiyo, zimefungwa, mama, nimekwambia..."

"Si wewe, baba. Wewe Mungu akuzidishie." Akamshika Koplo mkono. "Mpigie askari wa zamu. Aende rumande akampe Fundi simu. Sasa hivi."

Sauti ya Fundi ilitoka kwenye simu ya Koplo imechoka, ina mwangwi wa kuta.

"Fundi, sikiliza vizuri. Kabla hujaambiwa gesi ifungwe, ile mitungi ilikuwa wapi?"

"Kwangu, karakana. Niliitoa mwezi jana kwenda kuijaza, ilikuwa imepungua; mzee alikuwa kule kituo kipya, nikadhani ameambiwa. Ilikuwa imeshajazwa, inasubiri."

"Kwa hiyo mle ndani, kabla ya siku ile, kulikuwa na gesi?"

"Hata ya kuzimia mshumaa, afande. Ndiyo maana mzee aliposema ifungwe sikushangaa. Nikajua anaogopa cheche za kutoboa. Nikaipakia, nikaipeleka, nikaifunga, nikajaribu king'ora, kikawa kizima kabisa. Kazi safi."

"Na mtu akitaka kufanya kazi mle, gesi ikiwa ipo?"

"Lazima aniite kwanza. Nazima kwa ufunguo, nakaa mlangoni mpaka amalize. Ndiyo sheria. Siku ile hakuniita. Nilikuwa ghorofa ya juu, niliposikia king'ora nikajua kuna mtu ndani, nikakimbia."

"Kwa hiyo kwenu karakana kusimamisha gesi ni..."

"Ni kuzima, afande. Ni nini tena?"

Kisha Fundi akasema, kwa sauti ya mtu aliyejikwaa gizani, "Mungu wangu. Mzee alitaka nizime?"

Inspekta akamwambia askari achukue simu na asimwache Fundi peke yake.

Koplo alikuwa amekuna kichwa mpaka kofia imekaa upande. "Lakini afande, binti alisema Fundi alisema ameizima. Nimeandika mwenyewe."

"Uliandika alivyoelewa. Hukuandika alichosikia." Inspekta alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea gari. "Kaa ufikirie, Koplo. Pale kwao neno lile ni haramu, wanalipia chai. Yule binti amelelewa kwenye ile ofisi. Angewezaje kushuka ngazi hadi mlango wa seva na kumtamkia baba yake kwamba kitu kimezimwa? Alimwambia neno jingine. Na ndilo hilo hilo alilopewa. Ndiyo maana mzee aliitazama taa akapunga tu: alijua gesi imesimamishwa."

"Basi Fundi yuko huru!"

"Bado. Mkubwa ana karatasi yenye neno 'zima' na jina la binti chini yake. Simu haikurekodiwa. Aliyesikia ni mmoja tu."

Hapo Koplo akaelewa wanakwenda wapi, na akatamani iwe zamu ya mtu mwingine.

*

Nyumba ya msiba ilikuwa imepungua watu. Viti vya kukodi vilikuwa vimekunjwa ukumbini. Shangazi wa binti, dada yake marehemu, aliwapokea mlangoni.

"Poleni na msiba, mama."

"Asante. Mmemleta yule muuaji? Mwambieni aozee huko huko! Kaka yangu alimlisha, alimnywesha, halafu ndiyo malipo!"

"Tunaomba kuongea na binti, mama. Peke yake."

Binti alikuwa chumbani kwa baba yake, ameketi kitandani na kanga ya msiba mabegani. Ukutani kulikuwa na ramani ya uhamisho, mishale ya rangi kutoka jengo la zamani hadi jipya. Alikuwa msichana mkubwa, mwenye sauti nzito inayosikika mbali. Sauti ile aliipata kwa kuongea na baba yake.

Inspekta akaketi kwenye kigoda, chini yake. "Mwanangu, nataka unirudishie ile simu ya Fundi. Maneno yenyewe, si maana yake."

"Nimeshasema. Alisema ameizima."

"Alitamka hivyo? 'Nimezima'?"

"Ndiyo maana yake."

"Sikuulizi maana, binti yangu. Kazini kwenu neno hilo halitamkwi. Fundi alisemaje?"

Binti akakunja pindo la kanga, akalikunjua. "Alisema, 'Mwambie mzee gesi imefungwa.'"

"Na baba alipokutuma kwa Fundi, alisemaje?"

"Alisema gesi ifungwe. Hakupenda lile..." Pindo la kanga likamtoka mkononi.

Inspekta alimweleza. Hakuzunguka, maana habari ya namna ile ukiizungusha unaiongezea makali. Alimweleza mitungi ilikuwa karakana, chumba hakikuwa na gesi hata kidogo, Fundi alipoambiwa ifungwe akaenda kuifunga kama watu wanavyofunga taa, wanavyofunga dishi, wanavyofunga kamera.

Binti alisikiliza bila kukohoa. Mwishowe akauliza, "Kwa hiyo tungekaa kimya, nisingepiga ile simu, baba angetoboa, king'ora kingelia..."

"Kingelia. Basi."

"Na angepanda juu kunisimulia, anacheka."

Koplo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nikueleze ukweli wote," Inspekta akasema. "Kesho wanampeleka Fundi kushtakiwa kuua, kwa sababu ya maneno yako. Ukishikilia kwamba alisema amezima, hakuna atakayeweza kukupinga, na mimi sina ushahidi mwingine wa simu ile. Ukisema ulivyoniambia sasa hivi, anarudi kwa wanawe."

"Na mimi?"

"Wewe hujaua mtu, mwanangu."

"Sikuuliza hivyo, afande." Sauti yake kubwa ilikuwa imeisha. "Baba alinishika mkono pale mlangoni. Akaniuliza, imefungwa kweli? Alikuwa na wasiwasi, hakuwa mtu wa kukurupuka. Nikaweka mdomo sikioni kwake nikasema imefungwa, baba. Akaniuliza mara ya pili. Nilikuwa nimeacha simu inaita juu. Nikakasirika. Nikamwambia, imefungwa bwana, ingia ufanye kazi yako."

Akalia hapo, bila sauti, mabega tu yanatikisika. Inspekta alitamani kumshika. Aliweka mkono juu ya kitanda, karibu na mkono wake, akauacha hapo. Kazi hii ilikuwa imemfundisha kuwaleta wauaji, lakini haikumfundisha kitu cha kufanya usiku ambao hakuna muuaji.

Binti akajifuta kwa kanga, akamgeukia Koplo.

"Andika. Alisema imefungwa. Neno hilo hilo. Nami nikampelekea baba neno hilo hilo. Andika na kwamba aliniuliza mara mbili."

"Hilo la mwisho si lazima," Inspekta akasema.

"Liandike."

Koplo akaandika. Binti akatia sahihi, akarudisha kalamu. "Mtoeni leo leo. Mkewe asilale kwenye benchi."

Walipotokea ukumbini, shangazi alikuwa anapanga viti vya mwisho ukutani. Aliwatazama wote watatu, akatafuta usoni mwao habari ya muuaji, hakuiona. Mvua ilikuwa inaingia kizingitini. Akashika kitasa.

"Mwanangu," akamwita binti wa kaka yake, "mlango niufunge?"

Binti alisimama katikati ya ukumbi, mdomo wazi, na hakuweza kumjibu.